Meli ya Dolly Parton na Jahazi Letu

Ukiimba kwenye bendi ya hotelini, mgeni ndiye anayechagua wimbo. Mzee wa Kiingereza aliyekuja Mombasa kupumzika na mkewe atakuandikia jina la wimbo kwenye kikaratasi, atakikunja pamoja na noti, akupe jukwaani, kisha akae akisubiri auimbiwe kama unavyoimbwa kwao. Sauti ninayo, Mungu kanijalia, na muziki naushika upesi. Kilichonipa kazi ni maneno. Kiingereza cha darasani nakielewa, cha taarifa ya habari nakielewa, lakini nyimbo zina mistari ambayo kila neno nalijua likiwa peke yake, na yakikaa pamoja sijui yanasema nini. Siwezi kuimba nisichokielewa. Wapo wanaoweza, na wanaimba vizuri, ila mimi sauti inakuwa kavu.

Nimelelewa kwenye taarab. Kwetu, mwimbaji akitaja ua au embe lililoiva, kina mama wanageuza shingo kumtafuta aliyetupiwa. Masikio yetu yamezoea maneno yenye ndani na nje. Lakini fumbo la taarab na nahau ya Kiingereza ni vitu viwili mbalimbali. Mtunzi wa taarab anaficha kwa makusudi na anafurahi ukihangaika. Nahau haikufichwa na mtu. Mwenye lugha anaitamka kutwa mara kumi bila kuhisi kwamba ametamka kitu cha ajabu, na ukimwuliza imetoka wapi anakushangaa, kama utakavyonishangaa wewe nikikuuliza kwa nini tunasema kukata simu na hakuna aliyeshika kisu.

Simu hiyohiyo ndiyo iliyonionyesha njia. Jim Reeves ana wimbo wa mwaka 1959, “He'll Have to Go”, ambao wazee wengi wa huku wanaujua kwa moyo. Mwanamume yuko baa, amempigia simu mwanamke aliye na mwanamume mwingine, anamwuliza: nikate simu, au utamwambia huyo aondoke? Hilo “nikate” kwa Kiingereza ni “hang up”, yaani kutundika. Neno kwa neno unaona nguo kwenye kamba. Lakini zikumbuke simu za kizamani za ukutani: kile cha kusikilizia kilining'inia kwenye kulabu ubavuni, na mtu akimaliza maneno yake alikitundika pale, uzito wake ukaishusha kulabu na mazungumzo yakakatika. Kulabu zimekwisha duniani, kitenzi kimebaki. Tangu nilipolijua hilo, nikikwama kwenye mstari siikimbilii kamusi. Kwanza najiuliza: waliosema hivi mara ya kwanza, mikono yao ilikuwa inafanya nini?

Kwa “The Gambler”, yaani mcheza kamari, mikono ilishika karata. Wimbo huo aliutunga Don Schlitz mwaka 1976, akiwa kijana mwenye kazi ya usiku kwenye kompyuta huko Nashville, na Kenny Rogers akaurekodi mwaka 1978. Ni vigumu wiki ipite hatujaombwa. Kiitikio chake kinakutaka ujue wakati wa “hold” na wakati wa “fold”, kushika na kukunja. Kushika nilikuelewa, lakini kukunja kulinishinda, maana karata hazikunjwi.

Aliyenifungua ni mgeni mmoja, Mmarekani mstaafu. Nilimwuliza wakati wa mapumziko, naye badala ya kunieleza aliomba karata kwa mhudumu wa baa, akatuketisha mimi na mpiga besi wetu, akatugawia, na vifuniko vya soda vikawa ndiyo pesa. Akatuchezesha poka. Kila mara ilikubidi uongeze kifuniko kimoja au viwili katikati ya meza ili ubaki mchezoni. Ukiona karata zako mbovu, unazilaza kifudifudi, unazisukuma mbele, umetoka. Hiyo ndiyo “fold”. Vifuniko ulivyokwisha kuweka vimekwenda na huna haki ya kuvidai, lakini vilivyobaki mkononi ni vyako. Mpiga besi hakukubali kutoka hata mara moja, kila akipewa karata alitaka kuona mwisho wake, na vifuniko vyake vyote vikahamia upande wa yule mzee. Mzee akamgonga begani akamwambia kwa upole: sasa umeuelewa wimbo.

Na kweli tuliuelewa. Busara ya yule mcheza kamari wa kwenye wimbo haihusu kushinda. Ni kujua kwamba ulichokwisha kuweka mezani kisikuvute uweke na kilichobaki. Anataja namna nyingine za kuondoka pia, ya kutembea na ya kukimbia, na sasa naziimba kwa mwendo tofauti kwa sababu naona meza, naona na watu waliokaa kuizunguka. Sisi wenyewe tunayo lugha hiyo. Mtangazaji wa mpira anamwambia kocha achange karata zake vizuri, mwanasiasa anasemwa ametoa turufu yake, na mtu anaelewa hata kama hajashika karata maishani. Majina yenyewe, kopa, uru, shupaza, turufu, tuliyapata kwa Wareno, kwa hiyo karata si mgeni wa jana katika pwani hii.

Mstari uliochukua muda zaidi uko karibu na mwisho. Mzee wa kwenye wimbo amemaliza kutoa nasaha, amegeukia dirisha la treni, amelala, na mle gizani, wimbo unasema, “he broke even”. Kamusi ya shule ilinipa “kuvunja” na “sawa”. Mfanyabiashara angeniambia ni kurudisha mtaji, faida hakuna na hasara hakuna. Lakini neno lenyewe linalofaa wanalo wacheza kamari wetu: kula ni kushinda, kuliwa ni kushindwa. Mzee yule hakula wala hakuliwa. Mtunzi angeweza kusema amekufa, na mstari ungetosha. Amechagua kuufunga uhai wa mtu kwa hesabu ya meza aliyoikalia siku zote, miaka ya kupata hapa na kupoteza pale, na mwisho imetoka sare. Nilipoipata maana hiyo nilimwomba mpiga ngoma anyamaze kabisa kwenye mstari ule, na mpaka leo ananyamaza.

“Lucille”, wa Kenny Rogers huyohuyo, wa mwaka 1977, haukunichukua muda, kwa sababu nahau yake inaishi kwetu pia. Mume aliyeachwa anamwambia mkewe amechagua “a fine time” ya kumwacha. Wakati mzuri! Mtu akisoma maandishi matupu atadhani anamshukuru. Lakini hakuna mtoto wa Kiswahili asiyejua “ahsante sana” ya mama yake pale glasi inapovunjika. Na mstari unaofuata unamaliza shaka yote: watoto wanne wana njaa na mazao yako shambani. Hapo nilijifunza kutoukata mstari nikauchunguza peke yake. Mara nyingi maana imekaa kwenye mstari wa jirani.

Sasa nije kwa Dolly Parton, maana yeye ndiye aliyenifurahisha kuliko wote.

“9 to 5” ni wimbo wa mwaka 1980, wa filamu yenye jina hilo ambayo yeye mwenyewe aliigiza. Kwa saa zetu ni saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, saa za ofisi. Jina hilo lilikuwa na uzito kabla ya wimbo: mwaka 1973 wanawake makarani wa Boston waliunda chama cha kupigania mishahara na heshima kazini, wakakiita 9to5, na filamu ikachota humo. Dolly alipokuwa akiutunga aligonga kucha zake ndefu za bandia zikalia kama taipureta, na mlio huo umo kwenye rekodi. Mpiga kinanda wetu ameutafuta mlio ule kwenye kinanda chake mpaka ameupata.

Katikati ya wimbo huo kuna sehemu inayomwambia mfanyakazi kwamba yuko mashua moja na rafiki zake wengi, wote wanangoja siku meli yao itakapoingia, na kwamba maji yatageuka. Mistari mitatu, nahau tatu, zote za bahari. Mpiga besi, ambaye ni mtu wa bara, aliniuliza swali zuri sana: “Dada, huyu mama si wa milimani? Bahari aliiona wapi?” Ni wa milimani kweli. Alizaliwa mwaka 1946 katika kaunti ya Sevier, jimbo la Tennessee, jimbo lisilo na pwani hata kidogo.

Hiyo ya meli kuingia nilikwenda kumweleza ami yangu, ambaye ujana wake ameumaliza kwenye majahazi ya Lamu. Sikumaliza kueleza. Akaendelea mwenyewe. Zamani, akasema, mwenye mali hakusafiri. Alimpa nahodha boriti za mikoko, nazi au nafaka, chombo kikatweka tanga na kusi kwenda Arabuni na Ghuba, naye akabaki mjini. Miezi inapita. Hakuna simu, hakuna barua, na wanaomdai wanapita mlangoni. Anawaambia ngojeni, kaskazi ikivuma chombo kitarudi. Kikirudi salama, analipa madeni, anaoza binti, anatia chokaa nyumba. Kisiporudi ndiyo basi. Mtu wa namna hiyo, akasema ami, asubuhi akiamka kitu cha kwanza anatazama baharini.

Waingereza nao walikuwa na wafanyabiashara wa namna hiyo hiyo bandarini mwao, na maneno yao yalivuka Atlantiki, yakapanda milima ya Tennessee, yakafika kwa mtoto ambaye wazee wake hawajawahi kungoja chombo chochote. Lugha inatembea kuliko wasemaji wake. Na kama unaona hilo ni la Marekani tu, itazame Kenya. Mtu wa Kakamega au Lodwar akiishiwa na muda wa maongezi anakopa kwa huduma inayoitwa Okoa Jahazi, na jahazi hajalitia machoni. Redio ya Nairobi inasema mazungumzo ya walimu na serikali yamekwenda mrama, na mrama ni kule kuyumba kwa chombo ubavu kwa ubavu kinapopigwa na mawimbi. Nilimwambia hivyo mpiga besi. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kuzitaja mwenyewe: kutia nanga, kushika usukani, maji kumfika mtu shingoni. Tukakaa tunahesabu bahari iliyomo kwenye kinywa cha mtu wa bara mpaka saa ya kupanda jukwaani.

Wimbo huohuo ulinipa somo la upande wa pili. Mwanzoni kabisa mwanamke anaamka, anajikokota hadi jikoni, anajimiminia “a cup of ambition”. Kikombe cha hamu ya kufika mbali. Nililitafuta hilo kwenye kila orodha ya nahau niliyoweza kuipata, silioni. Mgeni mmoja wa kike, mwalimu wa Kiingereza kwao, akaniambia silioni kwa sababu halikuwa nahau. Dolly Parton amelitunga yeye. Ni kahawa, na ndani ya kahawa ametia kile kinachomwinua mtu masikini kitandani alfajiri. Nililipenda zaidi baada ya hapo. Si kila neno lisiloeleweka ni mali ya watu wote. Mengine ni kazi ya mtunzi mmoja siku moja, na anastahili kusifiwa kwa jina lake. Palepale mbele analalamika kwamba wakubwa wanaitumia akili yako na hawakupi “credit”. Kijana wa Kenya anasikia muda wa maongezi, kumbe Dolly anasema sifa ya kazi yako inakwenda kwa mwingine.

Ipo nahau moja ambayo naiimba kwa uchungu. “Sixteen Tons” ilirekodiwa na Merle Travis mwaka 1946, yeye akiwa mtoto wa mchimba makaa ya mawe huko Kentucky, kisha Tennessee Ernie Ford akaivumisha mwaka 1955. Mchimbaji anapakia tani 16, anachopata ni kuzeeka kwa siku moja na deni kuongezeka, na anamwambia Mtakatifu Petro asimwite mbinguni kwa sasa, hawezi kwenda, kwa sababu roho yake anadaiwa na “company store”. Ukitafsiri duka la kampuni unapata duka, basi. Lakini duka hilo lilikuwa mtego. Kampuni nyingi za makaa ziliwalipa watu vipande vya chuma au karatasi zilizochapishwa na kampuni yenyewe, visivyopokelewa kwingine ila kwenye duka la kampuni hiyohiyo, kwa bei iliyopangwa na kampuni hiyohiyo. Chakula, viatu, hata zana za kazi, zote ulikopa humo dhidi ya mshahara ambao hujaupata. Mtu akiweka rehani nyumba anaweza kuikomboa. Yule aliweka rehani kesho yake yote.

Jioni moja nilimwimbia kijirani changu mvuvi kibao hicho, nikamweleza. Yeye nyavu si zake, mashine ya boti si yake, ni za tajiri, na samaki anaowavua sharti awauze kwa tajiri huyo kwa bei ya tajiri. Aliniomba nimwandikie kiitikio kwa Kiswahili. Nimejaribu. Tani 16 zinakataa kuwa ratili za changu na tafi, lakini deni limekaa vizuri kabisa.

Za furaha zipo pia. “Knock on Wood” ya Eddie Floyd, ya mwaka 1966, iliyotungwa na yeye na Steve Cropper kule Memphis, inamtaka mtu agonge mti. Yule mwanamume amependa mpaka anaogopa, na kwao mtu akitaja bahati yake anagonga mbao iliyo karibu ili isimponyoke. Waingereza wanasema waguse, Wamarekani wagonge. Kwetu mtu akimsifia mtoto bila kusema mashallah, mama anamvuta mtoto karibu. Hofu ni moja, ya kwamba jambo jema likitajwa sana litasikiwa na kisichotakiwa kulisikia. Ndiyo maana ngoma kwenye wimbo ule zinagonga mara tu baada ya neno “knock”. Mpiga ngoma wetu alikuwa akizipiga kwenye ngozi. Sasa anazipiga kwenye ukingo wa ngoma, zinasikika mbao kabisa, na wageni wengine wanagonga meza pamoja naye.

Ulionigombanisha na wenzangu ni wa Bob Marley, “No Woman, No Cry”, uliotoka mwaka 1974. Huku kwetu maneno hayo yameandikwa kwenye matatu na kwenye fulana, na vijana wanayasoma: pasipo mwanamke, hapana kilio. Kiingereza cha shule kinaruhusu usomaji huo. Lakini Marley alikuwa anasema Kijamaika, na kwa Kijamaika ile “no” ya pili ni “nuh”, usi-, katazo. Hapana, mama, usilie. Kama huniamini, ingia ndani ya wimbo. Mstari wa jirani unamwambia huyo mpenzi asimwage machozi. Kisha anamkumbusha walivyokaa kwenye ua wa nyumba za serikali Trench Town, Kingston, nyumba zilizojengwa kuzunguka uwanja mmoja, jiko moja kwa wote, moto wa kuni ukiwaka usiku kucha. Aliyeandikwa kuwa mtunzi ni Vincent Ford, rafiki yake, ambaye aliwalisha watu wa mtaa ule, na mirahaba ikaenda kwake. Wimbo wa mtu kama huyo hauwezi kuwa wimbo wa kumkimbia mwanamke.

Mpiga besi hakubali, au anajifanya hakubali. Anasema watu wameuzoea hivyo na wanaufurahia hivyo. Mimi nalijali sana jambo hili, kwa sababu kuna mwanamke amesimama ndani ya wimbo akifarijiwa, na sisi tumemtoa nje tukafunga mlango. Kwa hiyo naupiga pole. Baada ya “no” ya kwanza navuta pumzi, “woman” nalitamka kama namwita mtu, na mstari wa machozi naukaza. Mara nyingi upande wa bwawa la kuogelea wanaume wanaendelea kupaza sauti kwa maana yao. Majuzi dada mmoja wa Kisumu, aliyekuja na wenzake wa semina, alinifuata nyuma ya jukwaa kuniuliza kwa nini nimeuimba kana kwamba nambembeleza mtu. Nikafungua maneno kwenye simu, tukaketi kwenye sanduku la spika, tukayasoma mstari kwa mstari, ua wa Trench Town, moto, mpaka tukafika kwenye ule uji wa mahindi ambao Marley anasema atagawana naye. Akanirudishia simu, akaniomba tuupige tena kabla hawajaondoka.